Je, ni kilo zangu zilizolaza nyayo na kulegeza kiuno?

Swali la msomaji:

"Shikamoo Dokta. Mimi ni binti wa miaka 22, nasoma chuo hapa Dar na jioni namsaidia shangazi dukani Kariakoo. Naanza chuo nilikuwa na kilo 64, sasa nina 79; urefu wangu ni sentimita 163. Jioni nyayo zinaniuma na kuchoka, hasa upande wa ndani. Nikitoka bafuni, alama ya mguu kwenye sakafu ni unyayo mzima, hakuna pale pa kubonyea. Jimu nikikaa planki, yaani kuegemea viwiko na vidole vya miguu mwili ukiwa umenyooka, sekunde 20 tu natetemeka na kiuno kinauma, wenzangu wembamba wanamaliza dakika nzima huku wanapiga stori. Muuza viatu kaniambia ninunue soli za kuinua unyayo. Kocha kaniambia nipungue kwanza, ndipo nianze mazoezi ya tumbo. Nimsikilize nani? Halafu, kutembea peku kwenye mchanga wa Coco Beach kunasaidia kweli?"

Jibu:

Marahaba, mdogo wangu. Nianze na hao washauri wako wawili, maana ndio waliokuchanganya. Muuza viatu ameona unyayo uliolala, akaona mteja. Kocha ameona kilo, akaona zote ni kosa la kusahihishwa kabla ya jambo lingine lolote. Ushauri wa kwanza unaweza kukupunguzia maumivu kidogo, lakini hautaujenga unyayo wako. Wa pili unaweza kukuchelewesha mwaka mzima. Mazoezi ya kiwiliwili na ya nyayo unayaanza wiki hii, na hizo hizo kilo 79. Uzito ni mzigo, na mzigo hubebwa na misuli. Sijui kwa nini misuli isubiri mzigo upungue ndipo ifundishwe kubeba.

Tuweke hesabu mezani kwanza. Kilo 79 ukizigawa kwa mita 1.63 mara 1.63, unapata BMI, yaani uwiano wa uzito na urefu, ya 29.7. Shirika la Afya Duniani huita 25 hadi 29.9 uzito uliozidi, na kuanzia 30 ni unene wa kupindukia, kwa hiyo uko mlangoni. Ulipoanza chuo ulikuwa 24.1, ndani ya kiwango cha kawaida. Fomula hii ina mizizi kwa Mbelgiji Adolphe Quetelet wa karne ya 19, mtu wa takwimu aliyekuwa akitafuta sura ya binadamu wa wastani, wala hakuwa akitibu mtu. Ndiyo maana haijui kilo zako 15 zimekaa wapi. Kwa swali lako, hapo ndipo penye uzito hasa. Chukua futi ya fundi cherehani, izungushe katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, toa pumzi, soma. Kwa mwanamke, ikizidi sentimita 80 ni wakati wa kujiangalia. Ikizidi 88, hatari ya kisukari na moyo imepanda kiasi cha kutopuuzwa.

Sasa kiwiliwili. Watu wa jimu wakisema "tumbo" huwaza vile vipande sita vya mbele. Misuli inayoshikilia uti wa mgongo imejificha zaidi. Upo msuli wa tumbo wa ndani kabisa, transvesi abdominisi, unaozunguka kutoka ubavu hadi ubavu. Ipo maltifidasi, misuli mifupi ya mgongoni inayoshika pingili kwa pingili. Juu kuna kiwambo cha pumzi, chini kuna misuli ya sakafu ya nyonga. Hii yote ikikaza kwa pamoja, shinikizo la ndani ya tumbo hupanda na uti wa mgongo hutulia, mikono na miguu ikapata mahali imara pa kufanyia kazi.

Mwaka 1992 Manohar Panjabi, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Yale huko Marekani, aliueleza uthabiti huo kama kazi ya mifumo mitatu: mifupa na ligamenti zinazoiunganisha, misuli, na neva zinazotoa amri. Miaka michache baadaye, Paul Hodges na Carolyn Richardson wa Australia walionyesha kwamba kwa mtu asiye na maumivu ya mgongo, ule msuli wa ndani hukaza kabla mkono haujainuka. Kwa wenye maumivu ya mgongo huchelewa. Kwa hiyo mwenye kiuno kinachouma anaweza kuwa na nguvu ya kutosha, ila amri inafika ikiwa imechelewa. Hilo tulikumbuke tukifika kwenye mazoezi.

Uzito unagusa mifumo yote mitatu. Mafuta ya tumboni husogeza kitovu cha uzito mbele. Ili usianguke mbele, nyonga huinama, kiuno hubonyea zaidi kwa nyuma, na misuli ya mgongo wa chini hufanya kazi ya ziada muda wote uliosimama pale dukani. Misuli ya tumbo nayo huvutika, na msuli uliovutika kupita kiasi haukazi vizuri. Pumzi inaingia pia: tumbo likiwa zito, kiwambo hupata shida kushuka, mtu akazoea kupumulia kifuani, na anapojitahidi hubana pumzi kabisa. Hebu jichunguze ukiwa kwenye planki. Nina wasiwasi kwamba hizo sekunde 20 humalizika bila wewe kupumua hata mara moja.

Na hiyo planki inayokudhalilisha mbele ya wenzako, tuitazame kwa haki. Ukiwa umeegemea viwiko na vidole, mwili umeshikwa ncha mbili, katikati hakuna kitu. Kamba ya kuanikia nguo ukiining'inizia khanga karibu na nguzo haiyumbi, lakini tundika jinzi lililolowa pale katikati uone inavyozama, na kamba ni ile ile. Kilo zako 15, kama nyingi ziko tumboni na kwenye nyonga, zimetua katikati ya kamba. Mwenzako wa kilo 55 anashikilia mwili wa kilo 55. Wewe unashikilia wa 79 kwa sheria ile ile na saa ile ile, halafu mnalinganishwa.

Vipimo vya nguvu vimeonyesha mara nyingi kwamba mtu mzito huwa na misuli ya miguu yenye nguvu kuliko mwembamba, ukipima nguvu peke yake. Si ajabu, misuli hiyo inabeba mwili huo kutwa. Ukiigawa nguvu hiyo kwa kilo za mwili, ndipo anaonekana dhaifu. Kwako basi kilichopungua kinaweza kuwa uwiano, pamoja na ustahimilivu, yaani ule uwezo wa msuli kukaza kidogo kwa muda mrefu. Vyote viwili hufundishika. Ila havifundishiki kwa kutetemeka sekunde 20 huku kiuno kimezama. Hapo unakifundisha kiuno kuzama.

Utakutana na tafiti nyingi za vijana wa vyuo zinazosema BMI ikipanda, muda wa planki hushuka na unyayo hulala. Nyingi ya hizo hupima kundi la wanafunzi mara moja tu: uzito, urefu, sekunde, unyayo, basi. Uhusiano unaonekana, lakini kipimo cha mara moja hakisemi kipi kilitangulia. Mwanafunzi anayekaa saa nane kwenye kiti, akirudi hosteli anakula chipsi mayai na soda, ananenepa na kudhoofika kwa wakati mmoja. Ukisema unene ndio uliomdhoofisha, umekisahau kiti. Na wembamba si kinga. Wapo mabinti wa kilo 45 wanaoletwa kwetu wasioweza kusimama mguu mmoja bila nyonga kuporomoka, kwa sababu misuli haipo kabisa.

Tushuke kwenye nyayo. Kila mguu una mifupa 26 na viungo 33, na upinde wa ndani umeshikiliwa na vitu vinne: umbo la mifupa yenyewe, ligamenti, utando mnene unaotoka kisiginoni hadi kwenye vidole, na misuli. Msuli mkuu kati ya hiyo ni tibialisi ya nyuma, unaoshuka nyuma ya muundi, ukapita chini ya kile kifundo cha ndani na kushika mifupa ya katikati ya unyayo. Bonyeza nyuma ya kifundo hicho jioni ukitoka dukani. Pakiuma pale, umempata mlalamikaji wa kwanza.

Unyayo si kitu kigumu kilichoinuliwa. Huzama kidogo ukikanyaga ili kupokea uzito, kisha hujikaza ili ukusukume mbele. Daktari Mwingereza J. H. Hicks aliueleza mtambo huo mwaka 1954: kidole gumba kikikunjwa kwenda juu, ule utando wa chini hujivuta na upinde huinuka wenyewe. Jaribu sasa hivi. Simama, mwambie mtu akuinulie kidole gumba cha mguu kwa mkono. Kisha simama kwa ncha za vidole, umpe mgongo mtu mwingine akuangalie visigino. Upinde ukijitokeza na visigino vikageukia ndani, unyayo wako ni mlegevu lakini mzima. Usipojitokeza kabisa, unyayo umekakamaa, na huo hauhitaji ushauri wa maandishi, unahitaji kuonwa.

Tofauti hiyo ina maana kubwa kuliko alama ya maji kwenye sakafu ya bafu. Katika uchunguzi mkubwa wa nyayo za askari wa jeshi la Kanada uliotolewa mwaka 1947, Harris na Beath waliona kwamba unyayo bapa ulio mlegevu, wenye mwendo wa kawaida, mara chache sana humlemaza mtu. Askari wenye nyayo hizo walifanya kazi zao kama wengine. Kwa hiyo kabla hujazilaumu kilo, angalia nyayo za mama yako na za shangazi. Wengi wetu tumezaliwa na nyayo bapa, upinde ukajengeka utotoni, na baadhi yetu haukujengeka sana na tumeishi nao salama. Inawezekana nyayo zako zilikuwa hivyo tangu darasa la saba, ila hukuwahi kuzitazama mpaka zilipoanza kuuma.

Alama ya maji inadanganya kwa njia nyingine pia. Inaonyesha ngozi ilipogusa sakafu, wala haionyeshi mfupa uko juu kiasi gani. Mtu akinenepa, nyama ya chini ya unyayo nayo inaweza kunenepa, na alama ikajaa hata kama mifupa haijashuka sana. Sisi tukitaka kujua, tunafanya vipimo viwili. Cha kwanza: tunatia alama kwenye mfupa unaotokeza upande wa ndani wa unyayo, navikula, tunapima kimo chake umekaa, kisha umesimama. Ukishuka zaidi ya milimita 10 hivi, tunasema unazama sana. Cha pili ni cha macho na vidole. Tunatazama mambo sita, kuanzia mwelekeo wa kisigino hadi vidole vinavyochungulia upande wa nje ukitazamwa kwa nyuma, kila moja tunalipa alama kati ya -2 na +2, tunajumlisha. Anthony Redmond na wenzake, waliokitengeneza kipimo hiki, mwaka 2008 walichapisha viwango vyake kutoka kwa mamia ya watu. Mtu mzima wa kawaida alipata kama +4. Yaani unyayo wa kawaida wa binadamu umelalia ndani kidogo, ule upinde mzuri wa kwenye picha za matangazo si kipimo cha wote. Na BMI haikuwa na uhusiano na alama hizo.

Soma tena sentensi hiyo ya mwisho kabla hujatoa hela ya soli.

Haimaanishi uzito hauna kazi pale chini. Vipimo vya shinikizo vinaonyesha wazi kwamba watu wanene hukanyaga kwa eneo pana zaidi, na shinikizo lao ni kubwa hasa katikati ya unyayo na sehemu yake ya mbele, nyuma tu ya vidole. Umbo linaweza lisibadilike sana, lakini kazi imeongezeka. Tufanye hesabu ya dukani. Tuseme unapiga hatua 6,000 kwa siku, kila mguu 3,000. Kilo 15 mara 3,000 ni tani 45 za ziada kwa kila mguu, kila siku, na sijahesabu kwamba ukitembea mguu hupokea zaidi kidogo ya uzito wa mwili, na ukikimbia mara mbili hadi tatu ya uzito huo. Misuli huzoea mzigo mpya kwa wiki kadhaa. Kano na ule utando huenda kwa miezi. Kilo zako zimekuja haraka, na tishu za nyayo hazikupata muda wa kuzikimbilia. Unene ni kati ya mambo yanayojulikana sana kumleta mtu kwetu na maumivu ya kisigino ya asubuhi, yale ya hatua ya kwanza ukishuka kitandani.

Halafu kuna duka lenyewe. Kusimama bila kutembea huchosha nyayo kuliko mwendo, kwa sababu misuli haipati zamu ya kupumzika na damu inakaa chini. Sakafu ni ya marumaru au saruji, na ukiwa kama wasaidizi wengi wa Kariakoo, umevaa ndala iliyokwisha unene wa kadi ya simu. Baada ya hapo unapanda mwendokasi Gerezani umesimama hadi Kimara, umeshika bomba kwa mkono mmoja. (Kama unataka kujua kiwiliwili chako kikoje, dereva akifunga breki pale Manzese atakupa jibu kuliko planki.)

Kuna maelezo utayasikia sana, nataka nikupe kinga nayo. Utaambiwa: unyayo ukilalia ndani, muundi huzungukia ndani, goti hufuata, paja hufuata, nyonga huinama, na ndiyo maana kiuno kinauma. Sehemu ya kwanza ni kweli kama mwendo wa mifupa. Lakini kutoka hapo hadi kusema unyayo ndio unaokuuma kiuno, ni mruko mkubwa ambao ushahidi wake ni mwembamba. Mnyororo huo hata hivyo huvutwa pia kutoka juu. Misuli ya makalio ikichoka, paja huingia ndani, goti hufuata, na unyayo hulazimika kulala. Kwa kijana mwenye uzito wako ninaanza juu na chini kwa pamoja, na nyonga inapata muda mwingi kuliko unyayo. Matokeo huonekana huko mapema zaidi.

Kazi yenyewe ni hii, mara tatu au nne kwa wiki, nyumbani, bila kifaa.

Planki iwekee mikono ukingoni mwa meza imara au kitanda, siyo sakafuni. Mwili ukisimama wima kiasi, mzigo wa katikati hupungua, nawe unaweza kukaza huku unapumua. Hesabu pumzi, usihesabu sekunde: pumzi tano taratibu, pumzika, rudia mara tano. Ukiweza pumzi kumi bila kiuno kuzama, shuka kwenye kitu kifupi zaidi. Sakafuni utafika, haina haraka. Ongeza zoezi linalopendwa na Stuart McGill, bingwa wa uti wa mgongo aliyefundisha Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada: piga magoti na viganja chini, nyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto, kaa sekunde nane hadi kumi, badilisha. Kiuno kisicheze. Hapa ndipo tunataka neva zijifunze kutuma amri mapema, lile jambo la Hodges. Kisha lala ubavu, inuka kwa kiwiko na magoti. Vyote vitatu vinakwisha kwa muda wa kuchemsha maharage yaliyolowekwa, ukibaki na nafasi ya kukaanga vitunguu.

Nyonga: kaa na kuinuka kwenye kigoda bila kushika kitu, polepole ukishuka, magoti yakielekea vidole vya kati. Lala chali, inua makalio. Na ndoo. Jaza lita 10, ambazo ni kilo 10, ibebe kwa mkono mmoja kutoka bombani hadi ndani bila kuinamia upande, kesho yake mkono mwingine. Jimu wanalipisha watu kufanya hivyo kwa vyuma.

Unyayo una mazoezi mawili, na la kwanza linawakera watu kwa sababu halionekani. Kaa, kanyaga peku, vuta pale kidole gumba kinapoanzia kuelekea kisigino bila kukunja vidole, upinde uinuke. Shika sekunde tano, mara kumi. Siku za kwanza hutaona kitu na mguu utapata mkakamao. Endelea, kisha ufanye umesimama, mwishowe kwa mguu mmoja wakati unapiga mswaki. La pili ni kuinuka kwa visigino ukingoni mwa ngazi, taulo dogo lililokunjwa likiwa chini ya vidole ili vikunjike juu, yaani ule mtambo wa Hicks unafanyishwa kazi. Panda sekunde tatu, kaa mbili, shuka tatu. Anza miguu yote miwili, mara 12, siku moja ndiyo siku moja hapana. Mpangilio huu ulijaribiwa Denmaki kwa wagonjwa wa kisigino, matokeo yakachapishwa na Rathleff na wenzake mwaka 2015, na baada ya miezi mitatu waliofuata mpangilio huo waliwapita waliopewa mazoezi ya kunyoosha unyayo. Ukiumia wakati wa zoezi kiasi cha kusinyaa uso, punguza. Maumivu madogo yanayoisha kufikia kesho yake yanavumilika.

Kuhusu kupungua sitakuchosha, unayajua. Ila ujue faida yake kwa viungo huja mapema kuliko kioo kinavyoonyesha. Kwa wazee wanene wenye magoti yaliyosagika, Stephen Messier na wenzake walikuta mwaka 2005 kwamba kila kilo moja iliyopungua iliondoa mzigo wa kama kilo nne gotini kwa kila hatua. Wewe si mzee na goti lako ni zima, lakini kanuni za mzigo ni zile zile. Tembea, mwendo wa kukufanya uhemwe kidogo, dakika 150 kwa wiki ndiyo kiwango cha chini cha Shirika la Afya Duniani, pamoja na siku mbili za mazoezi ya misuli. Vikundi vya jogging vya Jumapili asubuhi vina raha na nyimbo zake, nakubali, ila kilomita kumi za lami kwa mguu ambao haujazoea kilo 79 ni njia fupi ya kuja kwangu. Jiunge nao baada ya miezi mitatu.

Soli. Zikipunguza maumivu, zivae wakati unajenga misuli, hakuna dhambi. Usinunue za bei ya karo ya muhula, za kawaida laini zinatosha kwa kuanzia, na usitarajie upinde utabaki juu ukizivua. Siku ambayo nyayo hazikuumi bila soli, ziache hizo soli.

Fedha hiyo bora iende kwenye raba za kuvaa ukiwa dukani kwa shangazi. Ukienda mitumba ya Karume, usitazame jina la kampuni. Geuza kiatu. Soli iliyoliwa upande mmoja ni mwendo wa mtu mwingine na wewe unaununua. Kiweke juu ya meza ukitazame kwa nyuma, kama kimelala ubavu kirudishe. Bonyeza sehemu ya kisigino, isibonyee kirahisi. Kinunue jioni, mguu ukiwa umejaa, ukijaribu umesimama, maana chini ya uzito unyayo hurefuka na kupanuka. Ubakize upana wa kidole gumba cha mkono mbele ya kidole kirefu. Ndala ziache za bafuni.

Sasa mambo yasiyosubiri mazoezi. Unyayo wa mguu mmoja tu ukianza kulala siku hizi, umevimba nyuma ya kifundo cha ndani na huwezi kuinuka kwa vidole vya mguu huo, kano ya tibialisi ya nyuma inaweza kuwa inakatika. Nyayo kuwaka moto usiku ukiwa umelala, au ganzi, ni habari nyingine na uchovu wa jioni: kapime sukari, na kwa ongezeko lako la kilo ningekuomba upime hata bila dalili hizo. Kiuno kikiuma pamoja na mguu kupoteza nguvu, ganzi ya sehemu za siri au kushindwa kuzuia mkojo, hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo. Hospitali za rufaa za mkoa, Amana, Temeke na Mwananyamala, zina huduma ya fiziotherapia, na mambo makubwa ya mifupa hupelekwa MOI pale Muhimbili.

Umeuliza mchanga wa Coco Beach. Unasaidia, kwa mtu ambaye nyayo zake zina hisia kamili. Mchanga hauko sawa, kila hatua misuli midogo ya unyayo inasahihisha, na kifundo kinajifunza. Kuna utafiti wa India wa mwaka 1992, Rao na Joseph waliwapima watoto 2,300: waliovaa viatu, asilimia 8.6 walikuwa na nyayo bapa, na wasiovaa asilimia 2.8. Hao ni watoto, upinde wao ulikuwa bado unajengwa, kwa hiyo usitarajie mchanga ukujengee upinde ukiwa na miaka 22. Nenda maji yakiwa yametoka, utembee kwenye ule mchanga mgumu uliolowa karibu na maji, dakika kumi kwa kuanzia. Mchanga mkavu wa juu unazamisha kisigino, utavuta ule utando uliokwisha kuchoka, na ndiko vinakolala vipande vya chupa vya Jumapili.